Tokeni, Hakuna Atakayewagusa

Mume wa dada yangu ndiye aliyenifikisha kwenye uhubiri, ingawa yeye mwenyewe aliingia kanisani siku za harusi tu. Alikuwa dereva wa lori kwenye barabara ya kaskazini, ile inayotoka Kisangani kupitia Bengamisa hadi Banalia. Kwenda alipakia chumvi, sabuni na vitenge. Kurudi alileta mpunga na kahawa hadi bandarini, mtaa wa Makiso, mjini. Alivuta sigara mfululizo, aliimba vibaya, na alimpenda dada yangu waziwazi kiasi kwamba mama yetu aliona haya kuwatazama.

Sisi tumezaliwa kwenye maporomoko ya mto mkubwa, kando ya mji, ukoo wa wavuvi. Baba alikuwa na nafasi yake kwenye miti ile inayosimikwa katikati ya maji yaendayo kasi, ambako mitego mikubwa kama vikapu hufungwa kwa kamba za mwituni. Nafasi hiyo ilitoka kwa babu yake, na baada yake ingekuwa yangu. Lakini nilipokuwa kijana wa shule ya misheni nilibatizwa katika mto Tshopo, asubuhi moja ya ukungu, na nikatoka majini na furaha ambayo hata leo sijui niieleze vipi. Sikuwa na dhambi kubwa za kuacha. Nilikuwa tu na hakika kwamba kuna aliyenitazama na hakunikataa. Nilirudi nyumbani nikamwambia baba sitapanda kwenye miti yake, nataka kuhubiri. Aliendelea kusuka mtego. Jioni alimwambia mama kwamba mtoto anayeogopa maji hakosi sababu nzuri.

Shemeji alicheka aliposikia hayo, akaniambia nipande juu ya magunia. Kila alipokuwa na safari ya Bengamisa alinichukua bure, akanishusha sokoni na Biblia yangu, naye akaenda kupakia. Niliwahubiria wauza ndizi na wauza kuku, wengi wao wakinisikiliza kwa sababu hawakuweza kuacha biashara zao wakaondoka. Shemeji alipomaliza kupakia alikuja kusimama nyuma ya watu, sigara mdomoni, akinisubiri. Nikizidisha maneno, alirudi kwenye lori akapiga honi.

Njiani alinikosoa. Aliniambia watu wale si viziwi, niseme nao kama ninavyosema naye. Hakuna mwalimu wa Biblia aliyenifundisha zaidi ya hapo.

Uhuru ulipokuja tulicheza barabarani mpaka viatu vikaisha. Haukupita muda mrefu wamisionari wakaanza kuondoka, wengine kwa hofu, wengine kwa kuitwa na waliowatuma. Mkubwa wa misheni yetu aliniita, akanikabidhi funguo za kanisa dogo na baiskeli yake, akapanda meli. Nilikuwa sijaota ndevu sawasawa. Nilizunguka mji mzima kwa baiskeli ile nikiwasalimu hata watu nisiowajua, ili wanione.

Kisha ukaja uasi. Vijana waliojivika majani na ngozi, walioambiwa kwamba dawa ya mganga inageuza risasi kuwa maji, waliingia mjini na askari wakakimbia. Mwanzoni watu wengi waliwashangilia, kwa maana uhuru haukuwa umewafikishia chochote. Baadaye wakaanza kutafutwa waliosoma: makarani, walimu, mtu yeyote mwenye kalamu mfukoni. Baba, ambaye bado hakuwa amenisamehe, alinivusha kwa mtumbwi hadi kisiwani akanificha kwenye kibanda cha kukaushia samaki. Miezi yote ile nilikula kutoka mkononi mwake. Hakuniuliza habari za Mungu, wala mimi sikumwambia.

Shemeji hakuwa na pa kujificha. Walimkuta kwenye usukani, wakapanda nyuma na silaha zao, wakamwambia kuanzia leo anaendesha kwa ajili yao. Dereva mwenzake alikataa, wakamwacha amelala kando ya barabara. Shemeji akaendesha.

Serikali iliporudi mjini, hasira ilibadili tu upande. Aliyeonekana pamoja na waasi, hata kwa kuwapikia, hakuulizwa kama alilazimishwa. Shemeji alimchukua dada yangu na binti yao mdogo, wakaingia msituni mbele ya Bengamisa pamoja na kijiji kizima kilichokuwa kimekimbia askari. Habari zao tulizipata kwa wapita njia: wako hai, wanakula majani, mtoto anakohoa.

Ndipo afisa mmoja wa jeshi akaja kusali kwetu. Alikaa kiti cha nyuma, akapiga magoti tulipopiga magoti, na machozi yakamtoka. Baada ya ibada alisema kwamba Serikali imewasamehe wote watakaotoka msituni, lakini watu hawaamini tena kinywa cha askari. Wahubiri ndio waende. Mbele ya wazee wa kanisa nilimuuliza kama ni kweli. Alinijibu kwa Lingala kwamba atakayetoka amefunga kitambaa cheupe hakuna atakayemgusa, akaniita ndugu yake.

Nilimwamini. Nimejiuliza mara nyingi kama alidanganya au naye alidanganywa, na sijapata jibu, kwani alihamishwa na sikumwona tena. Lakini niliamini pia kwa sababu nilitaka kuamini. Wengine walipokuwa wanakufa, mimi nilikuwa kisiwani nimelala juu ya mikeka inayonuka samaki. Sasa palikuwa na kazi inayotaka mtu jasiri, na jina lililotajwa lilikuwa langu.

Askari walinifikisha Bengamisa kwa gari lao, kisha nikaendelea kwa miguu na kipaza sauti cha betri, shati langu jeupe limefungwa kwenye fimbo. Nyumba za kijiji zilikuwa tupu, majani yameota hadi milangoni. Nilisimama pale kijiji kinapoishia na msitu kuanza, nikasema na miti. Niliwasomea habari ya yule baba aliyemwona mwanawe kwa mbali akamkimbilia. Nikasema, "Tokeni. Hakuna atakayewagusa." Nilisema polepole, bila kupiga kelele, kama nilivyofundishwa juu ya magunia.

Siku ya kwanza hakutoka mtu. Kesho yake alitoka mwanamke mtu mzima mwenye miguu iliyovimba, akanitazama, akakaa chini karibu yangu. Walipoona hajafanywa kitu, wengine wakaanza kujitokeza nyuma yake, wachafu, wamekonda, wamefunga vichwani vipande vya nguo yoyote iliyokaribia weupe. Dada yangu alitoka amembeba mtoto. Mwishowe akatoka shemeji. Nilimtambua kwa mwendo tu, maana ndevu zilikuwa zimemfunika uso.

Hakunikumbatia kwanza. Alinivuta kando ya watu, dada yangu na mtoto wakiwa nyuma yake.

"Shemeji, iko kweli?"

"Ni kweli."

"Weye mwenyewe ulisikia, ao walikuambia?"

"Nilisikia kwa kinywa cha mkubwa wao. Nilimuuliza mbele ya watu."

Akatazama barabara ile ambayo alikuwa ameipita mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. "Bon," akasema. "Kama weye unasema."

Askari walileta malori mawili. Wanawake na watoto walipandishwa moja, wanaume lingine, na tuliambiwa wanaume wataandikishwa kwanza kisha wataungana na familia zao mjini. Mimi niliwekwa kwenye lori la wanawake. Tuliimba. Sijasikia tena uimbaji wa namna ile, wa watu waliokaa miezi mingi wakinong'ona ili wasisikike. Kabla ya kufika mjini, lori la wanaume, lililokuwa nyuma yetu, lilikata kona kuingia njia ya kambi ya askari. Nililiona. Nilikuwa katikati ya ubeti, na nikaumalizia.

Niseme wazi kwamba wakati ule sikushuku kitu. Niliona kona, nikajibu moyoni kwamba kambini ndiko kwenye kuandikisha. Ni baadaye ndipo kona ile ilipoanza kuja kwangu nikiwa ninakula, au ninanawa mikono, na wimbo nao ukija pamoja nayo.

Nilikwenda kwenye lango la kambi. Waliniambia wanaume wako kazini. Nikarudi, wakaniambia wamehamishwa. Nilipozidi kurudi, askari mmoja wa rika langu alinishauri kwa upole nisije tena. Baada ya misimu ya mvua kupita, baadhi yao walirudi, mmoja mmoja, wamekuwa wazee. Wengi hawakurudi. Shemeji hakurudi, na waliorudi hawakutaka kusema walimwona wapi mara ya mwisho.

Dada yangu hakulia mbele yangu. Hakuweza kuweka matanga, kwa kuwa hapakuwa na mwili wala mtu wa kusema kwamba amekufa. Ndugu za mumewe walisubiri, kisha wakaacha kusubiri bila kutangaza. Alianza kuuza lituma, ndizi za kupondwa, na samaki wa kuchoma karibu na bandari, pale pale malori yalipokuwa yakishusha kahawa. Jumapili alikuja kanisani, akakaa mstari wa mbele. Nilipofungua kinywa kuhubiri niliona amenitazama kwa utulivu. Mara mbili nilifunga ibada kwa wimbo kabla ya mahubiri. Wazee wakasema nimechoka, nipumzike.

Sikupumzika. Nilikwenda kule kijijini nikiwa na nia ya kuwaomba msamaha, kisha niache kazi ya Mungu na kurudi kwenye mitego ya baba. Watu walikuwa wameanza kulima. Walinikaribisha vizuri, wakanipa kiti, na hiyo iliniumiza kuliko kama wangenipiga. Yule mwanamke wa miguu iliyovimba alikuwepo. Yeye ndiye aliyetoka wa kwanza, na mwanawe wa pekee alikuwa kwenye lori la wanaume. Nilipoanza hotuba yangu ya kuomba msamaha alinikatiza.

"Ulituambia tutoke, tulitoka," alisema. "Sasa weye utakaa hapa na sisi."

Hakusema kwa ukali. Alisema kama anayempangia mtu shamba. Nikakaa. Miaka mingi watu wameniuliza niliitwaje na Bwana kuanzisha makanisa kwenye barabara ile, nami sikuwahi kuwa na habari ya ndoto au sauti ya kuwapa. Niliambiwa nikae.

Tulijenga kwa miti na majani. Mwaka wa kwanza sikuhubiri sana. Nilichimba visima, nilibeba wagonjwa kwa baiskeli hadi Bengamisa, nilisomesha watoto waliobaki bila baba. Nilioa mwanamke wa hapo, ambaye kaka yake pia hakurudi. Watu wakaanza kuja kusali, kutoka kijiji hicho, kisha cha jirani, nao wakataka kanisa lao. Niliwafungulia. Kila mwaka au kila miaka michache nilifungua lingine, mpaka barabara ile ukiipita Jumapili asubuhi unasikia kengele moja kabla hujaacha kusikia nyingine. Kengele zenyewe zilikuwa ringi za magurudumu ya malori yaliyokufa.

Na kila nilipofungua kanisa nilisimulia. Nilianza na lori na magunia, nikaja kwa shati langu kwenye fimbo, nikamleta shemeji na ndevu zake, nikasema, "Alitoka kwa sababu ya neno langu." Nikaeleza kuhusu kona. Watu walilia, wanaume wenye mvi walilia, wakaja mbele wakakiri mambo yao wenyewe. Nilifikiri kwamba ninajinyenyekeza. Sikutaka waniheshimu bila kujua mimi ni nani. Kwa kweli waliniheshimu zaidi kila niliposimulia, na nililiona hilo, nikaendelea.

Ilipofika zamu ya kanisa kubwa la matofali na mabati, nilimwalika dada yangu. Nilituma gari limchukue mjini, nikamketisha mbele na wageni wa heshima, amevaa kitenge kipya. Nikasimulia. Nilipofika kwa shemeji nilimwonyesha dada kwa mkono, nikasema mjane wake ni huyu hapa. Kanisa zima likamgeukia. Yeye alitazama mikono yake.

Siku ile hakugusa chakula, akasema safari imemchosha. Asubuhi nilimkuta nyuma ya nyumba anamenya ndizi na mke wangu. Mke wangu alituangalia sote wawili, akachukua ndoo akaenda mtoni. Nilikaa kwenye kigoda chake.

"Hii hadithi, unaisimuliaka kila mahali?" dada aliniuliza.

Nikamwambia ndiyo, ili watu wajue kosa langu.

Alimenya ndizi mbili kabla ya kuendelea. Kisha akaniambia jambo ambalo sikulijua. Asubuhi ile ya msituni, kabla hawajanisikia, mumewe alikuwa ameshaamua kutoka. Mtoto alikuwa anatema damu. Alikuwa amesema kwamba akiuawa auawe, lakini mtoto afike kwa daktari. Aliposikia sauti yangu kwenye kipaza sauti alicheka, akasema afadhali ni shemeji, hatapiga kelele.

"Alikuuliza kama iko kweli," dada alisema, "sababu alitaka nisikie mimi. Nisiogope. Yeye hakuamini."

Ningesema kwamba mzigo ulinitoka, lakini haukutoka. Kitu cha kwanza nilichohisi, na ninaona haya kukiandika, kilikuwa kama hasira. Makanisa yote yale yalisimama juu ya neno langu lililomuua mtu, na sasa dada alikuwa anasema huenda neno langu halikumuua. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hiyo.

"Hukuniuliza," alisema. "Hujawahi kuniuliza kitu juu yake. Ulimuchukua bwana yangu ukamufanya mahubiri. Mutoto wangu anamujua baba yake kama mutu wa mahubiri ya tonton, mujomba yake. Hajui kama alikuwa anaimba vibaya. Mimi nilikuwa nakaa mbele pale kwa ile kanisa ya kwanza ya muji, nakungojea useme na mimi. Unafunga ibada, unakimbia."

Nilikuwa nimedhani anakaa mstari wa mbele kunihukumu.

Nilichukua kisu kingine nikamenya ndizi, na nikazimenya vibaya, kwa kuwa nilikuwa mtu wa kupikiwa. Wanaume waliotoka siku ile hawakuwa shemeji peke yake. Kwao neno langu labda ndilo lililowatoa, na dada hakudai vinginevyo. Hilo bado ni langu. Lakini lililonikaa kifuani asubuhi ile lilikuwa jipya: kwamba nilimbeba kanisa kwa kanisa mtu asiyekuwa wangu, na mwenye mtu huyo, dada yangu, amekaa pale akinitazama.

Nilimuuliza anataka nifanye nini. Alisema anataka kuweka matanga.

Tuliyaweka nyumbani kwake mjini, baada ya mavuno. Nilikuwa nimeshaanza kupanga nani ahubiri na kwaya ipi iimbe, dada akanikataza. Alimwomba mchungaji kijana wa mtaa wake asali kwa kifupi. Kazi yangu ilikuwa kubeba viti na kuteka maji, na niliifanya siku zote za matanga pamoja na vijana wa nyumba za jirani, ambao walidhani wananikosea heshima wakitaka kunipokonya ndoo. Ndugu za mumewe walikuja. Walikuja pia madereva wazee wa barabara ya kaskazini, waliobaki, wakaketi chini ya turubai wakasema habari zake: jinsi alivyowahi kulala chini ya lori siku nzima akidai analitengeneza, kumbe anamkwepa mkwe wake, jinsi alivyobadilishana gunia la chumvi na kasuku kwa sababu dada yangu alikuwa mjamzito na ameota ndoto ya kasuku. Binti yake, ambaye sasa ni mama mtu mzima, alikaa katikati yao akiuliza na kuuliza. Kuna mzee mmoja aliyeimba kama shemeji, kwa sauti ile ile mbovu, na dada yangu akacheka mpaka akalia, na hapo ndipo nilipomwona akilia kwa mara ya kwanza.

Mimi nilikuwa nimesimama na ndoo. Nilitaka kusema kitu, kwani nami nilikuwa na habari zangu za magunia na honi. Nikakumbuka kwamba nimeshasema ya kutosha.

Sikusimulia tena habari ile kanisani. Waumini wengine walilalamika kwamba mahubiri yangu yamepoa, na ni kweli yalipoa. Miaka hii ya uzee, wajukuu waliponishauri niandike maisha yangu, nilikwenda kwanza Makiso kumwomba dada ruhusa. Bado anauza, ingawa sasa amekaa tu na wasichana ndio wanaochoma samaki. Alifikiri, akasema niandike, lakini jina la mumewe nisiliandike, hilo ni lake. Nikaona ni haki, nikaacha na majina ya watu wengine wote.

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nilikuwa nimekula, lakini nikasema bado.